Baridi ya Chumba cha Mwisho

Mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi, baba yangu alianguka kutoka mnazini kule Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, akavunjika nyonga. Hakupanda tena. Mimi nikatolewa darasa la tatu, nikakabidhiwa panga lake, na kuanzia siku hiyo nikawa mwanamume wa nyumba. Sisemi haya ili mnihurumie. Huruma sikuitaka wakati ule nikiwa na njaa, sembuse leo nimeshiba. Nasema ili mjue anayewaandikia ni nani. Ni mtu aliyejifunza kusoma vizuri akiwa tayari ana ndevu, kwa kusoma maandishi ya ubavuni mwa mashine. Lakini niingize kwenye nyumba yoyote hapa Dubai, nipe mabomba mawili, moja mkono huu na jingine mkono huu, nitakwambia nyumba hiyo inaumwa wapi.

Nawaandikia ninyi. Wewe uliyeshuka juzi kutoka Mombasa, cheti chako umekifunga plastiki kisilowe. Wewe Mganda unayesimama ulinzi kule Al Barsha, kila siku unamtazama fundi wa AC akipanda ngazi na kusema moyoni, "Ile kazi mbona naiweza." Unaiweza. Lakini kaa kwanza nikwambie inavyokwenda, maana ngazi si kazi. Ngazi hata paka hupanda.

Watu wanadhani baridi ya nyumba kubwa za hapa inatoka ukutani. Haitoki ukutani. Juu ya paa kuna mashine, tunaiita chila, inayopoza maji. Pampu inayasukuma maji yale yaende nyumba nzima. Kila chumba, juu ya silingi, kina sanduku lenye feni na koili, yaani bomba jembamba lililokunjwakunjwa. Maji baridi yanapita kwenye koili, feni inapuliza hewa juu yake, na hewa ikishuka chumbani ndiyo hiyo unayoiita AC. Maji yakishapokea joto la chumba yanarudi juu kupozwa upya. Basi. Nyumba ni mwili, pampu ni moyo, na mabomba ni mishipa. Anayekuambia kuna siri zaidi ya hapo anataka kukuuzia kitu.

Sasa sikilizeni neno moja ambalo limenilisha mkate miaka yote hii: maji ni mavivu. Maji yanapenda njia fupi. Chumba kilicho karibu na pampu kitakunywa mpaka kisaze, na chumba cha mwisho kitabaki kimetoa ulimi. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi umeimaliza. Nusu iliyobaki ni watu, na watu ni wagumu kuliko maji.

Aliyenifunza ni Mzee Murad, Mbulushi mzaliwa wa Mombasa, Mungu amrehemu. Alikuja huku kabla yangu, na Kimvita chake hakukiacha hata baada ya miaka mingi ya kusema Kiarabu na Kihindi na wenye nyumba. Siku ya kwanza nilipanda ngazi na bisibisi mkononi kama askari na bunduki. Akaninyang'anya.

"Wafanya nini na hiyo?"

"Nafungua, ustadhi."

"Wafungua nini? Wajua maradhi?"

"Sijui bado."

"Basi tia hiyo mfukoni. Bisibisi ni ya mwisho. Ya kwanza ni hii," akaushika mkono wangu akaubandika kwenye bomba la maji yaendayo, na wa pili kwenye bomba la maji yarudiyo. "Sikiza."

Nikasikiliza. Sikusikia kitu. Akanikalisha pale juu mpaka shingo ikaniuma, na nilipoteremka nilikuwa nimejua jambo. Bomba la kwenda likiwa baridi na la kurudi limepata joto kidogo tu, koili inakula vizuri. Yakiwa yote mawili baridi sawasawa, maji yanapita bure: hewa haiigusi koili, angalia feni na chujio la hewa. La kwenda likiwa baridi na la kurudi lina joto la chumba, maji yanafika kwa kudondoka, polepole kama mzee na mkongojo wake. Na yote mawili yakiwa na joto, ndugu yangu, hapo maji hayafiki kabisa. Tafuta hewa iliyonaswa, tafuta chujio la maji lililoziba, tafuta valvu iliyofungwa. Siku hizi kuna vipima joto vya kumulika kwa taa nyekundu. Vinunueni, ni vizuri. Mimi mwenyewe ninacho. Lakini mkono hauishiwi betri.

Msidhani nilianza na akili hizi. Kuna fleti moja Bur Dubai, juu ya maduka ya vitambaa, alikoishi fundi cherehani na mkewe. Chumba hakipoi. Mzee Murad alikuwa kwingine, nami nikataka kuonyesha ubingwa. Nikasikia feni inakoroma, nikasema khalas, yamekwisha, ugonjwa nimeupata. Nikaing'oa feni, nikafunga mpya. Ikawa inazunguka kimya kabisa, na chumba kikabaki tanuri vilevile. Mzee Murad akafika. Akaingiza vidole viwili, akachomoa chujio la hewa, na nyuzi za vitambaa zilikuwa zimegandana juu yake kama blanketi la hospitali. Ungelitikisa ungejaza mto.

"Hamisi," akasema, "mtu amezibwa pua, nawe umemtia mapafu mapya."

Mke wa fundi cherehani alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikaoshewa lile chujio? Nililiosha mwenyewe, bafuni kwao, huku wanacheka. Tangu siku ile huanza na kitu rahisi na chafu, ndipo niende kwenye kitu kipya na cha bei. Chujio, hewa, valvu. Chujio, hewa, valvu. Imbeni kama wimbo wa kutwangia.

Kuna mpwa wangu, Salim, niliyemfunza mwenyewe hapa Rashidiya kisha akahamia Uingereza na mkewe. Majira ya baridi moja akanipigia simu ya picha. Nikamwona yuko sebuleni kwake amevaa kofia ya sufu na glovu.

"Mjomba, nakufa."

"Kufa polepole, nakunywa chai. Nini?"

Akaniambia huko nyumba zao hazipozwi, zinapashwa moto. Wana boila jikoni inayochemsha maji, na pampu inayapeleka kwenye rejeta zilizopachikwa ukutani chumba kwa chumba. Nilicheka. Mtoto wa Likoni analipia joto! Lakini nilipomaliza kucheka niliona hakuna jipya. Badala ya chila kuna boila, badala ya koili kuna rejeta. Maji ni yaleyale mavivu.

"Shika rejeta," nikamwambia. "Juu kuna joto au baridi?"

"Ya chumbani juu baridi, chini moto."

"Hiyo ina hewa kichwani. Kuna kitundu pembeni chenye kiskurubu. Zima pampu, weka kitambaa, kifungue kidogo hewa izomee, maji yakitoka funga. Kisha tazama geji ya boila, maana ukitoa hewa, mgandamizo unashuka. Uongeze maji mpaka irudi pale kitabu kinaposema. Nyingine?"

"Ya mtoto chini ndiyo baridi, juu moto."

"Hiyo ina matope tumboni. Itavuliwa ioshwe. Nyingine?"

"Ya karibu na boila inachoma, ya mwisho iko kama jiwe la kaburi."

"Hiyo sasa haina ugonjwa. Hiyo ina majirani wabaya."

Nikamwambia afungue valvu ya rejeta ya mwisho yote, aiache. Kisha aende ya kwanza, ile inayochoma, aibane valvu yake ya kurudi mpaka karibu kufunga. Ya pili aibane kidogo zaidi ya nusu, na kuendelea hivyo, akilegeza kadiri anavyokwenda mbali. Asubiri. Ashike tena. Arudie. Na kitu kimoja nilimkataza: kufungua kifuniko cha boila yenyewe, palipo na gesi na moto. Pale huitwa mwenye leseni. Ushujaa wa gesi hauna siku ya pili. Jioni yake akanipigia, kofia hana. Ila bado alilalamika kwamba akitoka nje baridi inamtafuna, kana kwamba na nje ningemsawazishia mimi.

Nimeyasema hayo ili niifikie nyumba ya Rashidiya, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Simu ilitoka kwa Maryam, binti mmoja wa watu wa asili ya Unguja, anayekaa fleti kule Al Barsha. Wazee wao walihamia huku zamani, na nyumbani mpaka leo husema Kiunguja.

"Ami Hamisi, shikamoo. Nimeambiwa wewe ukiingia nyumba hutoki mpaka ipoe."

"Marahaba, mwanangu. Aliyekwambia hakukudanganya."

"Bibi yangu yuko kwangu hapa tangu mwezi wa sita. Chumba chake kule kwa baba, Rashidiya, hakipoi. Daktari kasema kwa umri wake joto lile litamuua. Mafundi wameingia, wametoka. Sasa baba kachoka, Jumamosi atavitoa vitu vyake, chumba kiwe stoo, na Bibi abaki kwangu moja kwa moja."

"Na yeye Bibi anasemaje?"

"Chakula hali vizuri, Ami. Kila asubuhi ananiuliza, 'Mjukuu wangu, nyumba gani hii haina mlango wa uani?'"

Nikamwambia nakuja. Ilikuwa Jumatano, mwezi wa nane, jua la kukaangia samaki.

Mwenye nyumba, Bwana Nassor, baba yake Maryam, alinipokea majlisini, chumba cha wageni. Mnajua majlisi ya mtu wa heshima ilivyo: mazulia, mito ukuta kwa ukuta, ubani, dele ya kahawa. Baridi ya mle ndani ilinishika masikio. Kwenye misumari karibu na mlango nikaona vitu nilivyodhani nimeviota: makoti. Makoti ya watu wazima, Dubai, mwezi wa nane. Pembeni alikaa rafiki yake, Mzee Seif, amevaa koti jeusi la sufu, vifungo mpaka shingoni, amekumbatia kikombe cha kahawa kwa viganja viwili kama yatima na uji.

Bwana Nassor alipotoka kuita kahawa nyingine, nikamnong'oneza, "Mzee, unaumwa?"

"Siumwi. Nimekuja kumtembelea rafiki yangu."

"Na koti?"

"Ndilo la kumtembelea. Usimwambie, fundi. Mwenzetu anaona anatukirimu."

Chumba cha Bi Zuwena, mama yake Bwana Nassor, kiko nyuma kabisa, kilijengwa baadaye kikaunganishwa na nyumba. Kina mlango wake wa uani, penye mlimau na vikopo vya mrehani. Shoga zake wa mtaani huingilia pale bila kupita mbele ya wanaume. Ndiyo maana kuhamishiwa chumba kingine alikataa. Kuna fundi aliyemtundikia AC ya ukutani, lakini Bibi akaizima siku ya pili: upepo ulimpiga usoni na viungo vikamuuma. Nilipofungua mlango ule, joto lilinisukuma kifuani.

Nikapanda. Chujio la hewa safi. Feni nzima. Chujio la maji safi, hewa hakuna. Bomba la kwenda lina ubaridi kidogo, la kurudi lina joto la chumba. Maji yalikuwa yanadondoka. Nikapanda paani: pampu mpya, kubwa kupita nyumba yenyewe. Fundi fulani aliona chumba cha mwisho hakipati, akaongeza moyo badala ya kubana mishipa. Na pampu kubwa ilifanya nini? Ilizidisha maji yaleyale yanayopenda njia fupi. Majlisi ndiyo ya kwanza toka kwa pampu. Majlisi ikawa Ulaya, na chumba cha mama kikabaki jangwa, na mabomba yakaanza kupiga kelele.

Nikamfuata Bwana Nassor. "Dawa ninayo. Nabana vyumba vya karibu, chumba cha mama kinapata haki yake. Nianze na majlisi."

"Fundi, gusa nyumba nzima. Gusa hata chumba changu ninacholala. Majlisi usiiguse."

"Bila majlisi sina dawa."

"Basi huna dawa. Kila fundi nimemwambia hivyo hivyo na wote wamefahamu. We huna masikio?"

"Ninayo. Ndiyo maana naisikia pampu yako inavyolia."

"Wewe mbishi, sivyo?"

"Mimi Mdigo wa Gazi, bwana. Ubishi tumeachiwa urithi, hatukuachiwa kitu kingine."

Hapo vijana wengi wangefanya nini? Wangebana vyumba vya kulala, wakafunga begi, wakasema yalla, twende zetu, mwenye nyumba ndiye aliyetaka. Mimi sikutoka mnazini nije kuacha kazi nusu. Lakini pia sikupandisha sauti, maana ile ni nyumba yake na yule ni mama yake. Nikamwambia, "Kahawa ile uliyoiagiza, naomba tuinywe chumbani kwa mama. Ukimaliza kikombe na bado unasema hapana, naondoka, na hunioni tena."

Akaniangalia. Mtu wa heshima kumnyima mgeni kahawa hawezi, popote mgeni alipoitaka. Tukaenda. Tukakaa kwenye mkeka kando ya kitanda cha Bi Zuwena, mlango umefungwa, saa nane za mchana. Nikangoja. Mzee Murad alinifunza kungoja mabomba, na mtu naye hungojwa vilevile. Kanzu ikaanza kumganda Bwana Nassor mgongoni. Akajipangusa paji. Akajipangusa tena. Kikombe hakijafika nusu.

"Alipokuwapo, kila siku alfajiri nilikuja kumuamkia hapa," akasema, kama anajisemea. "Sikukosa hata siku moja. Mbona sikuona?"

"Alfajiri kila chumba ni kizuri, bwana. Tena ulisimama mlangoni, sivyo? Shikamoo, marahaba, ukaenda zako kazini."

Akaweka kikombe chini. Nikadhani amekubali. Kumbe bado.

"Fundi, we unadhani ni mimi," akasema. "Si mimi. Ni yeye mwenyewe. Fundi wa kwanza alipokuja, Mama ndo aliyesema majlisi isiguswe. Kaniapisha. Nitamvunjia kiapo mama yangu ili nimpoze?"

Mwana anamlinda mama, mama anamlinda mwana, na katikati yao valvu moja hakuna wa kuigusa. Nikamwambia, "Mpigie."

Akapiga, akaweka sauti nje. Maryam akapokea, kisha ikaja sauti nyembamba, kavu, isiyo na haraka.

"Nassor? Umekula?"

"Nimekula, Mama. Yupo fundi hapa, ataka kusema nawe."

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Fundi wa wapi wewe?"

"Gazi, Bi mkubwa. Pwani ya Kenya."

"Ah, mtu wa Mrima. Basi keshakuwa mbishi kabla sijamsikia. Sema."

"Nataka kuibana majlisi kidogo, chumba chako kipoe urudi."

"Hapana. Sikiliza mwanangu. Baba yake huyu alikuwa na mlango ambao mgeni hakutoka analalamika. Mie mzee, siku zangu nazijua. Mgeni akitoka jasho kwa mwanangu kwa ajili ya chumba changu, nitasemwa mie kaburini. Niacheni huku huku."

Sauti ile haikuwa na hasira. Ilikuwa imekata shauri, na alivyosema "huku huku" Bwana Nassor aligeuza uso ukutani. Ningeweza kusema mengi ya maji na pampu. Yangemsaidia nini? Huyu hakuuliza habari za maji. Aliuliza habari za wageni. Basi nikampa habari za wageni.

"Bi mkubwa, wageni wa mwanao hawatoki jasho. Wanavaa makoti."

"Wanavaa nini?"

"Makoti. Yametundikwa mlangoni. Mzee Seif yupo hapo sasa hivi, koti la sufu, kalifunga mpaka shingo. Mwezi wa nane."

Nikasikia kiti kinalia, anajiinua.

"Nassor!" Ile sauti nyembamba ikarudi nyuma miaka ishirini. "Kweli haya? Wageni wangu wagandishwa?"

"Mama, mimi..."

"Seif yupo? Mpe simu Seif!"

Tukatoka mbio na simu mpaka majlisini, mimi nyuma na Bwana Nassor mbele ameinua kanzu. Mzee Seif alitutazama kama watu waliovamiwa. Akasikiliza simu, akatazama koti lake, akamtazama rafiki yake, na adabu ya miaka yote ikamshinda.

"Bi Zuwena," akasema, "nisikufiche. Wallahi miguu siisikii tangu Ramadhani."

Kicheko kilichotoka kwenye ile simu nakisikia mpaka leo. Bibi alicheka, Maryam akacheka nyuma yake, Bwana Nassor akajaribu kujizuia akashindwa. Kisha ile sauti ikarudi: "Wewe Mrima! Bado upo?"

"Nipo, Bi mkubwa."

"Bana. Bana wasije wakanifia."

Nikafanya kazi Alhamisi yote, na Ijumaa baada ya sala nikarudi. Sikilizeni jinsi inavyofanywa, maana hapa ndipo wengi huharibu. Chumba cha mwisho nilikiacha wazi kabisa, hicho ndicho kipimo. Pampu nikaishusha kasi, kelele zikakoma. Nikaanza na majlisi, nikabana kidogo, nikashuka, nikangoja. Vyumba vya kulala, kidogo kidogo. Kisha mzunguko mwingine toka mwanzo, kwa sababu ukimgusa mmoja umewagusa wote: maji uliyoyanyima hapa yanakimbilia kule, na kule nako kutazidi. Usibane kwa hasira, usibane kwa haraka. Bwana Nassor mwenyewe alinishikia ngazi. Kila nilipoteremka aliuliza, "Bado?" nami nikamwambia, "Bado." Mwisho nikampandisha juu ya chumba cha mama, nikambandika mikono kwenye mabomba mawili, kama nilivyobandikwa mimi.

"Hili baridi," akasema. "Na hili... baridi, lakini limepungua kidogo."

"Basi linakula."

Nikatia rangi nyekundu kwenye kila valvu, mstari, ili fundi ajaye aone kwamba pale pamepimwa, asifungue tu kwa sababu mtu amemlalamikia. Fanyeni hivyo kila mahali. Kazi isiyo na alama huharibiwa na anayefuata, naye hana kosa, hakujua.

Jumamosi, siku ambayo chumba kingekuwa stoo, Bi Zuwena aliingizwa kwa kiti cha magurudumu kupitia mlango wa uani. Mdogo wa mwili, macho makali. Tulidhani ataenda kitandani moja kwa moja. Akainua mkono.

"Nipitisheni majlisini kwanza."

Wakampitisha. Akawakagua wageni mmoja mmoja kama anahesabu kuku. Misumari ya mlangoni ilikuwa mitupu. Mzee Seif alikuwa amekaa na kanzu tu, koti amelikunja mapajani.

"Seif, wasikia joto?"

"Sisikii joto, Bi Zuwena. Na vidole vyangu nimevipata tena, vyote."

"Sema kweli."

"Ndo kweli. Koti hili silihitaji." Akageuka akanitupia mimi. "Chukua, fundi. Ni ujira wa miguu yangu."

Ndipo Bi Zuwena akakubali kupelekwa chumbani. Mlango ukafunguliwa. Akaweka kiganja ukutani, akakiacha pale muda, kama nilivyofunzwa mimi kushika bomba. Kisha akasema, "Mlango wa uani ufungueni kidogo, nisikie mtaa."

"Baridi itatoka, Bi mkubwa," nikasema.

"Itoke. Si we utairudisha?"

Alikuwa amelala kabla sijamaliza kukusanya bisibisi zangu.

Vijana wangu, hiyo ndiyo kazi. Hakuna nyumba yenye baridi haba. Kuna nyumba ambayo baridi yake imekaa upande mmoja, na kuna sababu imekaa pale, na mara nyingi sababu hiyo ni mtu anayempenda mtu mwingine na hakuuliza. Shikeni mabomba. Kisha ulizeni.

Leo sifanyi tena kazi ya kupanda ngazi. Nilivyonavyo ni hivi. Nyumba ya mawe Gazi, ina tangi na umeme. Shamba la minazi, pamoja na mnazi ule uliomwangusha baba, sijaukata. Duka la ufundi hapa Rashidiya, leseni ina jina langu, anayeliendesha ni binti yangu Mwanajuma, na mikono yake ni mizuri kuliko yangu. Pikapu moja nyeupe. Kipima joto cha zebaki alichoniachia Mzee Murad, hakiuzwi. Miche miwili ya mrehani dirishani, ya Bi Zuwena. Na koti moja jeusi la sufu, zima, vifungo vyote vipo. Salim ameniomba nimpelekee kule kwenye baridi yake. Nimekataa. Asawazishe rejeta zake.